Zubeda Aliyekataa Gogo

Zubeda alikuwa mke mkubwa wa Yunusu, muuza samaki wakavu wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Binti zake wawili walikwisha kuolewa, mmoja Lweba, mwingine huko juu Fizi, kwa hiyo Yunusu alipooa mke wa pili hakununa. Alisema nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Zainabu, yule mke mdogo, alimwita yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, na wote wawili wakalima shamba moja la pamba. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, na pamba ilikuwa ya serikali, haikuwa jambo la kupenda. Asiyelima alionja fimbo.

Kiangazi kimoja Zainabu alizaa mtoto wa kiume, wakamwita Idi. Zubeda ndiye aliyemkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji. Lakini kabla arobaini haijaisha, usingizi ulimhama Zainabu. Usiku na mchana alikuwa anapangusa kuta. Aliongea na paa. Alisema watu wa kofia nyekundu, yaani askari wa serikali, wako nyuma ya nyumba wanapanga kumchukua mwanawe, na kwamba anawasikia vizuri kabisa.

Yunusu alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akasoma, akamwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, Zainabu akanywa, akatulia kidogo. Kisha hali ikarudi, mbaya kuliko kwanza. Asubuhi moja alimrushia mumewe chungu cha maji yanayochemka, na kama Yunusu hangeinama, angeungua uso.

Ndipo Waridi, dada yake Yunusu, aliposema mbele ya majirani jambo ambalo wanawake walikuwa wakilinong'ona wakiteka maji ziwani.

"Nani alimupikia uji? Nani alimukanda? We Zubeda, unajua kitu ulimufanyia huyu mutoto wa batu!"

"Mi sikumufanyia kitu, wifi. Mungu anaona."

"Mungu anaona, na sisi tunaona."

 Usiku ule Zubeda aliona wanawake wawili waliozoea kula naye wakipita mlangoni bila kumwamkia.

Yunusu alikata gogo. Kwa miaka mingi kichaa alitulizwa hivyo: shina zito linatobolewa tundu, mguu unaingizwa, kisha kijiti kinapigiliwa ili usitoke. Alilitua karibu na jiko, na Zainabu alipoliona alikimbilia ndani.

Mwanamke mmoja Mkatoliki, Adolphine, aliyekaa upande wa misheni, aliliona pia. Alikuja kununua samaki. Akaacha samaki, akamfuata Zubeda jikoni.

"Mama Zubeda, ile gogo ni ya nani?"

"Ya mwenzangu. Bwana anasema kesho."

Adolphine alikaa chini. "Mi nilikuwa na kaka, Anatole. Sisi wenyewe tulimutia mu gogo. Mama alilia, lakini tulimutia. Mguu ikaoza. Wazimu haikumuua, mama. Gogo njo ilimuua." Akajifuta pua kwa kitenge. "Na kelele yetu ilimuzidishia ugonjwa. Kila mutu anamuuliza, kila mutu anamubishia. Yeye anasikia sauti yake, na juu ya ile sauti anasikia yetu kumi."

Akamweleza aliyojifunza kwa uchungu. Watu wawe wachache. Aseme mmoja tu, polepole. Anachokiona yeye usikicheke, wala usimdanganye kwamba na wewe unakiona. Apate kula, apate giza la kulala. Na asiachwe peke yake na mtoto hata mara moja. Amnyonyeshe, mtu akiwa karibu.

"Na watu wakisema ni mi nilimuroga?" Zubeda aliuliza.

"Batasema. We kaa naye tu."

Zubeda alimwendea mumewe, akapiga magoti. Aliomba gogo lingoje mpaka pamba iuzwe. Yunusu alikubali kwa shida, lakini Waridi alimnyooshea kidole: "Mutoto akipatwa na kitu, tutakuuliza we."

Tangu hapo Zubeda alilala mlangoni mwa mwenzake. Adolphine alikuja kumpokea mchana, ili naye afumbe macho. Zainabu alianza kulala saa chache. Alikula. Watu walianza kudhani yamekwisha.

Siku ya soko la pamba ikafika. Nyumba nzima ilikuwa mbioni; makapu makubwa yalijazwa, vijana wa ukoo wakaja kuyabeba. Zubeda alikwenda ziwani kuteka maji, akamwachia Waridi zamu. Aliporudi, wabebaji walikwisha kuondoka, na kelele zilikuwa zimejaa uani.

Mtoto hayupo.

Waridi alikuwa amemshika Zainabu mabega akimtikisa. "Mutoto iko wapi? Sema! Ulimutupa mu maji?" Alimpiga kofi. Majirani waliingia, kila mmoja na swali lake. Wengine walikuwa wanakimbilia ufukweni, wengine chooni. Yunusu alikuja na kamba mkononi, macho mekundu. Zainabu alijikunja pembeni, akaziba masikio, mdomo umefungwa kama jiwe.

Zubeda aliweka mtungi chini.  Alijua kwamba mtoto asipoonekana, hakutakuwa na mahali pa kusimama kwake Baraka nzima. Lakini alimwona Adolphine nyuma ya watu, akitikisa kichwa na kuweka kidole mdomoni.

"Tokeni," Zubeda alisema.

"Wewe unatoa nani?" Waridi alifoka.

"Bwana, batoshe bote. Nakuomba. Baada ya hapo mutanifunga mi."

 Yunusu akawasukuma watu nje, naye akasimama mlangoni akihema.

Zubeda alikaa chini, mbali kidogo. Alitaka kupiga ukelele, mtoto yuko wapi, lakini aliumeza.

"Zainabu. Unaogopa."

Zainabu alizidi kujikunja.

"Mi siwaone hao batu. Lakini naona unaogopa sana."

"Beko karibu," Zainabu alinong'ona.

"Na we ni mama. Ulimuficha Idi, basi."

Kichwa kiliinama kidogo. Nje mtu alipiga yowe. Zainabu akafunga macho, na Zubeda alidhani amempoteza. Alingoja. 

"Pahali ulimuficha ni pazuri?"

"Hapana batu banagusa. Ni kitu ya Bula Matari." Bula Matari ndiyo serikali. "Ukiiba kitu yake, banakupiga. Hata balozi, bale bachawi, beko banaiogopa."

Zubeda aliinuka ghafla. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha serikali.

"Kapu!" alipaza sauti, na tayari alikuwa amempita Yunusu mlangoni.

Alikimbia bila viatu. Sokoni watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya mizani. Pamba ikishapimwa ilimwagwa, na wanaume wakaisindilia kwenye magunia marefu kwa miguu, wakiruka na kuimba. Kapu la kwanza la Yunusu lilikuwa limekwisha kumwagwa. Zubeda alitazama wale wanaoruka ndani ya gunia.

"Rudi mu mulongo!" askari wa kofia nyekundu alimzuia kwa fimbo.

Alipita chini ya mkono wake. Fimbo ilimpata begani. Kapu la pili lilikuwa linainuliwa. Akalikumbatia, wakaanguka nalo yeye na mbebaji. Akaichimba pamba kwa mikono miwili. Hakuna kitu. Akachimba tena, karibu na ukingo, akagusa kisigino.

Idi alikuwa ameloa jasho, nyuzi za pamba puani, hatikisiki wala halii. Zubeda alimsafisha mdomo kwa kidole, akampulizia usoni, akampigapiga mgongo. Wale wa gunia waliacha kuimba. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia kwa hasira.

Walipofika nyumbani Yunusu aliliendea gogo. Zubeda alisimama mbele yake, mtoto kifuani, bega limevimba. "Ukimutia humu leo, kesho hatatuambia kitu tena."

 Waridi akasema, akitazama chini: "Mi njo nilitoka. Balinitaka nisaidie kuinua kapu. Zamu ilikuwa yangu."

Yunusu alishika shoka, akalipasua gogo likawa kuni.

Zubeda aliwaomba wanawake msaada uani pale pale, na wengine wakakubali, wa msikiti na wa misheni, kukaa na Zainabu kwa zamu. Adolphine aliwafundisha namna ya kusema naye. Waridi alikuwa wa kwanza kuja asubuhi iliyofuata, na hakutoka zamu yake tena. Mvua zilipoanza Zainabu alikuwa analima. Kwa mimba iliyofuata ugonjwa ulirudi, lakini mfupi, na safari hii nyumba ilijua la kufanya.

Minong'ono ya uchawi haikuisha yote. Hata hivyo watu walianza kumwita Zubeda, na akaenda na Adolphine, Lweba mpaka Fizi, wakikaa na mama na baba za wagonjwa na kuwaambia waliyoyaona. Huko Fizi mzee mmoja, aliyekuwa amemfunga mwanawe kwa gogo nyuma ya nyumba, alimuuliza kama atapona.

"Sijui, baba," Zubeda alimjibu. "Lakini mufungue kwanza, tukae naye."

 Mzee akaenda kuleta nyundo ya kutolea kijiti.