Siku Ditekta Yangu Ilipofukua Fingo la Jirani

Jambo hili nililifungia mdomoni muda mrefu, na ningeendelea kulifungia, ila kwa kuwa pale mtaani kwetu Usagara, Tanga, kila mtu anaongeza chumvi yake anapolisimulia, ni heri nilisimulie mwenyewe, maana mwenye aibu ndiye anayejua ilipoanzia.

Mimi nina ditekta, ile mashine yenye mpini mrefu na kisahani chini, ukiipitisha juu ya ardhi inalia penye chuma au dhahabu. Kwangu ni burudani tu (wenzangu wanacheza bao, mimi naokota visoda, vile vifuniko vya chupa). Nasema visoda kwa sababu ufukweni Raskazone sikuwa nikipata kingine, mpaka nikakaa chini nikasoma, nikajifunza kwamba kisahani kiende taratibu, kiwe karibu na ardhi bila kuigusa, kila mpito ufunike sehemu ya mpito uliotangulia, na ukali wa mashine upunguzwe penye mchanga wa chumvi, la sivyo italia ovyo. Juu ya yote nikajiwekea kanuni: chimba kila mlio, usibague. Kanuni hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jirani yangu Bi Mwanahamisi alidondosha herini ya dhahabu aliyorithi kwa mama yake, asubuhi ya siku ambayo wageni kutoka Pangani walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Zuhura. Posa za nyuma zilikwisha kuvunjika, kwa hiyo hii ilikuwa inalindwa kama yai.

"Kaka Rajabu, njoo na hilo dude lako," akaniita. "Imeangukia hapa bombani nilipokuwa natia udhu, nina hakika."

Mtu mwenye akili angeanzia bombani. Mimi nikamwambia hakika ya mtu si ushahidi, nikatandaza kamba, nikaugawa uwanja wote vipande vyembamba kuanzia mlangoni, nikavaa hedifoni masikioni na kuanza kupitisha kisahani taratibu kama nilivyosoma, huku wanawake waliokuwa wakipika pilau wakiziruka kamba zangu na masufuria ya moto mikononi.

"Huyu anatafuta herini au anapima kiwanja?" akauliza Bi Saumu, wifi yake Bi Mwanahamisi.

Chini ya kizingiti mashine ikatoa mlio mnene ambao sijapata kuusikia. Herini haiwezi kulia hivyo, na hilo nililijua. Lakini kanuni ni kanuni, na niseme kweli, moyoni nilikwisha kuona rupia alizozifukia Mjerumani enzi za utawala wake (mtu wa Tanga akisikia chuma kinalia chini ya ardhi hawazi kingine, hata awe amesoma vipi). Nikachimba. Likatoka kopo lililoviringishwa kitambaa chekundu na kufungwa waya, nami nikaliinua juu na kupiga ukelele, maana aliyevaa hedifoni hajisikii anavyopayuka:

"Mali! Mali ya Mjerumani!"

Nikalifungua papo hapo mbele ya watu. Ikadondoka misumari iliyopinda, kikaratasi chenye maandishi ya zafarani, na kufuli lililofungwa.

Nilipovua hedifoni na kugeuka, wageni kutoka Pangani walikuwa wamesimama langoni.

Kila mtu alijua ni fingo, ile dawa inayozikwa nyumbani. Ambacho hakuna aliyekijua ni kama lilizikwa kulinda watu au kuwafunga.

"Kufuli!" Bi Mwanahamisi akamgeukia wifi yake. "Kumbe ndiyo maana posa za mwanangu zinarudi njiani!"

"Unanitazama mimi? Wifi, mimi hata kufuli la mlango wangu linanishinda!"

Ami yake bwana harusi, mzee wa kanzu iliyonyooka kwa pasi, akarudisha mguu nyuma. "Jamani, sisi tunaaga. Hatuposi nyumba inayofukuliwa mambo."

Nikamwona Zuhura dirishani, uso umemshuka. Ndipo akatoka bibi mwenye nyumba, mama mkwe wa Bi Mwanahamisi.

"Wajinga nyie! Hilo alilizika marehemu mume wangu siku ya kujenga, wezi wasiingie. Na hawakuingia mpaka leo, kaingia huyu."

Huyu ni mimi. Watu wakacheka, ami hakucheka. Akaitazama mashine, akazitazama kamba.

"Na huyu ni nani?"

"Mganga wetu," akasema bibi bila kupepesa. "Tumemwita aikague kinga kabla hamjafika."

Sasa nifikirieni mimi, niliyewacheka waganga kwenye kila baraza la mtaa ule. Nikikana, bibi mwongo na posa imekwenda. Nikikubali, mimi nimekwenda.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Ni kweli."

"Marahaba. Na kinga ikoje?"

"Nzima."

"Umejuaje?"

"Imelia."

Bibi akaleta chetezo cha ubani, akaamuru aliyelifukua alirudishe. Nikalifukia. Kisha ami akataka nyumba izungukwe, na mashine nayo izunguke, basi nikazunguka, chetezo mkono huu na ditekta mkono huu, vigelegele nyuma yangu, na mke wangu (alikuja kusaidia kumenya vitunguu) akicheka hadi akakaa chini. Tulipopita bombani mashine ikalia. Nikainama, nikafukua kwa kidole, nikatoka na herini.

"Allahu akbar!" akasema ami, na posa ikapokelewa palepale.

Zuhura ameolewa, yuko Pangani, ana raha zake. Mimi nagongewa mlango na watu wanaotaka nyumba zao zikaguliwe, na siwezi kuwaambia ukweli, kwani utafika Pangani kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo anayetaka kufanikiwa na ditekta namwambia hivi: muulize aliyepoteza, uanzie pale anapokuonyesha, kamba zako zibaki nyumbani. Na mimi nimeapa, mlio wa kizingitini siku hizi nausikia, nauacha ulie.