Nilinunua power supply isiyo na feni, kwaya ikapotea

Wakuu, habari zenu. Haya niliyaona na kuyasikia mwenyewe, na mashine ninayoizungumzia iko chini ya TV yangu hapa Mumbuni, imewashwa. Aliye karibu apite aisikilize, ingawa hakuna cha kusikia.

Nianze na hali ilivyokuwa.

Nina kompyuta ndogo ya filamu na muziki, imeunganishwa na TV na spika. Casing yake ni nyembamba, kama Biblia mbili zilizolazwa.

Mke wangu, Mama Mutheu, ni mwalimu wa kwaya. Ukumbi wa kanisa unaezekwa upya, kwa hivyo kwaya ilihamia sebuleni kwetu kila Jumamosi mchana.

Hawasomi noti. Anacheza rekodi, anaisimamisha, soprano wanaimba kipande chao. Anarudisha nyuma, alto wanaimba chao. Kwaya nyingi za huku hujifunza hivyo.

Shida ilikuwa feni ya power supply, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Ilivuma bila kupumzika, kama mzinga wa nyuki ulioguswa.

Mashindano ya makanisa yalikuwa yanakaribia, kule Tala. Mara iliyopita tulikuwa wa mwisho, na Mama Mutheu alishaambiwa wazi kwamba ikitokea tena, kwaya itapewa mwalimu mwingine.

"Baba Mutheu," akaniambia, "alto hawasikii sehemu yao. Nyamazisha hiyo kitu ama uitoe."

Kwanza nilitaka kuhakikisha kelele inatoka wapi. Nilikunja gazeti likawa bomba, upande mmoja sikioni, upande mwingine kwa kila feni. Feni ya processor haikuwa na neno. Mlalamishi alikuwa power supply.

Pili, nilipima umeme unaotumika kwa kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Hata filamu nzito ikicheza, haikufika watt sitini. Power supply yenyewe iliandikwa mia tatu. Nilikuwa nimefunga ng'ombe wawili kuvuta kikapu.

Nikaenda mjini kwa Abdi, anayeuza vipuri vya kompyuta.

"Chukua hii kubwa," akasema. "Watt haziozi."

"Haitaingia."

"Basi kata hiyo casing."

Tulicheka, kisha tukaongea vizuri. Kubadilisha feni peke yake hakungesaidia sana, kwa sababu feni ndogo lazima izunguke kwa kasi ndiyo ipoze. Power supply yenye feni kubwa na tulivu ni nene kuliko casing yangu.

Ikabaki aina moja: kibao kidogo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye motherboard, ule ubao mkuu wa kompyuta, na adapter inakaa nje kama ya laptop. Hakina feni kabisa.

Hapa tega sikio. Kibao changu kinataka volt kumi na mbili. Nilikuwa na chaji ya zamani ya laptop, volt kumi na tisa, na nilitaka kuitumia. Abdi akaniuliza kama nataka kompyuta ama nataka moshi. Nikachukua adapter yake.

Jambo lingine: ile feni ya kelele ndiyo iliyokuwa ikitoa joto nje. Nilipoiondoa, nilitoa ubao wa nyuma wa rafu ya TV ili hewa ipite, nikaangalia joto la processor filamu nzima. Halikupanda vibaya.

Ikafika Jumamosi. Nikasimama mlango wa jikoni nikingoja sifa.

Rekodi ilisikika hadi pumzi za waimbaji. Mama Mutheu akaisimamisha, akawapa noti kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akainua mkono. Alto wakaanza, kila mmoja na njia yake. Akawasimamisha. Wakaanza tena, wakazama zaidi. Mtu wa besi akacheka, akaambiwa anyamaze.

Mama Kioko, kiongozi wa alto, akainama akachungulia chini ya TV.

"Mwalimu, huyu ameenda wapi?"

"Nani?"

"Huyu alikuwa analia hapa. Si ndiye alikuwa anatupatia sauti?"

Kumbe rekodi ilipokuwa ikisimamishwa, feni ilibaki ikivuma, na mvumo wake ulikuwa karibu sana na noti yao ya kuanzia. Waliushika bila kuambiana. Noti ya mwalimu hawakuwa wakiisikiliza.

"Basi tumbebe feni twende naye Tala," akasema yule wa besi.

Walicheka wote isipokuwa Mama Mutheu. Jukwaani Tala hakungekuwa na feni yetu.

Nilikuwa tayari nawaza kuirudisha ile ya zamani. Akaniona.

"Usiguse," akasema.

Kuanzia hapo aliwatoa nje. Wakawa wanaanzia uani, kando ya tangi la maji, karibu na kuku wa jirani, popote penye kelele tofauti. Noti ilitoka kinywani mwake tu, na sasa aliitoa kwa nguvu.

Siku ya Tala, stima ilipotea kabla ya zamu yetu. Jenereta ikawashwa nyuma ya kanisa, ikaanza kuvuma.

Nilikuwa nimekaa pembeni, nikaona kichwa cha Mama Kioko kikigeuka kuelekea dirishani. Vichwa vya alto wengine vikafuata.

Mama Mutheu akagonga kidole kifuani mwake. Wakarudi kumtazama. Akatoa noti, wakaipokea kutoka kwake, wakaishika hadi mwisho.

Hatukushinda. Tulikuwa wa tatu, na Mama Mutheu bado ni mwalimu.

Tukitoka, Mama Kioko akasikiliza ile jenereta kidogo, akatikisa kichwa.

"Huyu hajui kuimba," akasema. "Wetu alikuwa anajua."

Nilichojifunza: pima watt kabla ya kununua, pima nafasi, soma volt mara mbili. Na kelele ikikaa ndani ya nyumba muda mrefu, kuna mtu amekwisha kuiegemea. Uliza kabla ya kuizima.

Mliojaribu hizi zisizo na feni, hasa mahali stima inapanda na kushuka, adapter zenu zimedumu? Semeni hapa chini. Feni ya zamani sijaitupa, Mama Kioko amekataa.