Ufunguo wa Kumi

Mtumbwi mmoja, magunia mawili ya mpunga, debe la mbegu, miguu ya mama mkwe wangu, na jina la mwanamke ambaye hakunikosea chochote. Hiyo ndiyo hesabu ya wivu wangu. Nimeijumlisha mara mbili, haipungui.

Kosa ni langu. Simsingizii shetani. Siku hiyo shetani hakuwepo dukani, nilikuwepo mimi.

Nauza mitumba sokoni Mbeya. Nikifungua belo nahesabu, nikimaliza nahesabu tena. Mtu akinitajia bei nacheka kwanza, ndipo namuuliza bei yenyewe. Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Lusajo, husema siku ya ndoa nilimhesabu vidole.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulishuka Kyela, kwao. Nyumba ya mama yake kule Ngonga ilikuwa inavuja, tukataka kuiezeka upya kabla ya mvua. Pale mjini maduka ya vifaa vya ujenzi yamejipanga mpaka unachoka kuchagua. Lusajo akayapita yote.

"Tunaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Tumpe."

Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja chakula cha kwao.

Duka la Tumpe lilijengwa na babu yake, na nadhani tangu babu afe hakuna aliyesogeza kitu. Ukiingia unapokewa na harufu ya grisi, kamba za katani na mafuta ya taa. Kaunta ni ya mbao nyeusi, imelainishwa na viwiko vya watu. Nyuma yake kuna droo ndogo ndogo mpaka darini, na kila droo imegongelewa usoni kitu kilichomo: bawaba, komeo, parafujo, ndoana. Hakuna maandishi. Ukitaka kitu unanyoosha kidole. Wasafiri hupita pale kupiga picha mizani tu na kuondoka bila kununua hata msumari.

Nitasema ukweli, duka lilinipendeza. Hilo nalo liliniuma.

Tumpe mwenyewe ni mjane, rika moja na Lusajo, walisoma darasa moja. Mikono ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko na bado alikuwa mzuri. "Ugonile!" akamsalimu mume wangu, na kuanzia hapo wakazama kwenye Kinyakyusa. Kinyakyusa changu kinatosha kusalimia, kushukuru na kukataa bei. Wao walikuwa wanaongea mambo yasiyo na bei.

Ikabidi nihesabu. Lusajo alicheka mara saba. Nyumbani hucheka mara mbili kwa wiki, na moja huwa ni ya mpira.

Nikaingilia. "Dada, misumari ya bati kilo bei gani?"

"Bei iko ubaoni, wifi."

"Ubao hauna huruma. Nakuuliza wewe."

"Huruma yangu iko kwenye mizani," akasema. Akaweka jiwe la kilo upande mmoja, akamimina misumari upande wa pili mpaka ikalingana, kisha akaongeza kiganja kizima juu.

"Hii ya juu nani kailipia?"

"Hiyo ya mama. Mwambie namsalimia sana."

Wifi. Kwetu sokoni, mwanamke asiyekujua akikuita wifi, unarudi nyumbani kuhesabu vijiko.

Ndipo nikauona ukuta. Kando ya dirisha, nyuma ya kaunta, funguo zimetundikwa kwenye misumari, safu kwa safu. Kila mmoja umefungwa kipande kidogo cha udongo wa kuchomwa, na juu ya udongo limekwaruzwa jina la mtu.

Tumpe aliniona nikishangaa, akanieleza. Kila kufuli linalouzwa pale, ufunguo mmoja mteja anaondoka nao na mmoja unabaki dukani. Maji yakijaa vijijini watu hukimbia na walichoshika, funguo zinapotea. Karatasi hulowa, ndiyo maana majina huandikwa kwenye udongo, wanautengeneza akina mama wa ufukweni wanaofinyanga vyungu. "Toka enzi za babu haujapotea hata mmoja," akasema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Wa kwako huu hapa, Lusa. Naupaka mafuta kila mwezi."

Lusajo akanyoosha mkono, akakigusa kile kipande cha udongo kama mtu anayegusa shavu la mtoto. Jina lake lilikuwa pale, kwa mwandiko wa yule mwanamke.

Sasa nisikilizeni. Nyumba yetu ina funguo tisa. Mlango wa mbele mbili, wa nyuma mmoja, kabati mbili, geti mmoja, kibanda changu cha sokoni tatu. Huo wa kumi sikuwahi kuuona tangu niolewe.

"Wa nini huo?" nikauliza.

"Ah, wa siku nyingi huo. Nitakuhadithia," Lusajo akasema. Hapo hapo Tumpe akamwita uani wakachague bati. Wakatoka.

Mimi ninayeuliza bei ya sindano mara tatu, swali hilo niliuliza mara moja tu.

Nikabaki mimi na ukuta. Hakuna mlinzi, hakuna mbwa, hata mlango wa kaunta ulikuwa wazi. Nikaingia, nikauchomoa ufunguo pamoja na udongo wake, nikautia kifuani ninapowekaga hela. Halafu nikasogeza funguo za jirani mbili tatu ili pengo lisionekane. Waliporudi walinikuta nimeegemea kaunta, nabishia bei ya bawaba.

Nilitaka nini? Nilitaka siku moja mume wangu aende kuutafuta, aukose, arudi mikono mitupu, nami niwe nimekaa mlangoni nimtazame uso. Basi.

Njiani hakunihadithia kitu. Nami sikumuuliza tena. Tukaezeka nyumba, tukarudi Mbeya, ufunguo nikaufukia kwenye kopo langu la vifungo. Kila akichelewa kurudi niliutoa nikaujaribisha: sanduku lake la nguo, kisanduku chake cha vifaa, begi la safari. Haukuingia popote. Kila ulipogoma kuingia, mimi nikauona ushahidi.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua zikaja. Kule Ngonga maji yaliingia asubuhi, mama mkwe akiwa peke yake.

Mama ana mtumbwi. Aliuchonga marehemu baba mkwe, na masika unapumzika kando ya nyumba ukiisubiri siku kama hiyo. Uliwahi kuibwa ukarudishwa, ndipo Lusajo, kabla hajanioa, akaenda kwa Tumpe akanunua mnyororo mnene na kufuli kubwa kuliko yote, akaufunga kwenye shina la mchikichi. Ufunguo mmoja akampa mama. Wa pili ukabaki ukutani. Mtumbwi huo nimewahi kuukalia nikimenya ndizi. Mnyororo niliuona, nikadhani ni wa mbuzi.

Asubuhi ile mama alikuwa ameufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Kanga ikaenda na maji.

Jirani, baba Anyisile, akatembea ndani ya maji mpaka barabarani, akapanda bodaboda mpaka dukani. Tumpe akaenda moja kwa moja kwenye msumari wa Lusajo. Hakuna kitu. Akapekua ukuta mzima, jina kwa jina. Akamwaga droo chini. Hakuna. Basi akafunga duka, akachukua msumeno wa chuma, akapanda ile ile bodaboda. Alisimama kwenye maji yamefika kiunoni, anakata mnyororo aliouuza mwenyewe. Nyembe tatu za msumeno zikakatika. Mnyororo ulikuwa mzuri, hawauzi vibovu.

Mwisho baba Anyisile akaukata mtumbwi pua kwa shoka ili utoke kwenye mnyororo. Ukapasuka kwa urefu, ukajaa maji. Mama alikaa juu ya meza nusu siku, maji yakimpiga kwenye miguu, mpaka vijana walipokata migomba, wakaunga chelezo, wakamtoa. Mpunga na mbegu vikabaki.

Simu kutoka Ngonga ilipokuja Lusajo alikuwa anavaa viatu. "Ufunguo wa mtumbwi wa mama haupo kwa Tumpe," akaniambia. "Niliugusa kwa mkono wangu, ulikuwepo. Kaupeleka wapi?"

Ndipo nilipojua ulikuwa wa nini. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye lile kopo. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama atakunywa chai kwanza.

Jioni Tumpe alipiga simu, nikasikia sauti yake. "Kaka Lusa, nisamehe. Sijui ulivyotoka. Tangu babu haijatokea."

"Mama yangu angekufa, Tumpe," akamjibu, akakata.

Na niungame hili pia, maana nimeshaanza. Alipokata simu, kabla aibu haijanifikia, moyo wangu ulifurahi. Kidogo tu. Lakini niliuona ukifurahi.

Nilichotaka nimekipata. Mume wangu hapiti tena pale dukani. Tena si yeye tu. Watu wa Ngonga wanakwenda mmoja mmoja kudai funguo zao, wanasema siku hizi kwa Tumpe vitu vinapotea. Wanasema ukuta sasa una misumari mingi kuliko funguo. Duka limefika kwa mjukuu bila doa, nikalitia mimi kwa dakika moja.

Mama mkwe anaishi kwetu sasa. Miguu inamvimba, anashinda kwenye kiti karibu na cherehani yangu. Wiki iliyopita akavuta lile kopo magotini. "Humu si ndimo vifungo, mwanangu? Ngoja nitafute cha blauzi yangu." Akaingiza vidole.

Nikaliwahi kopo. "Niachie mimi mama, macho yako yapumzike."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. "Mungu alimpa Lusajo mke."

Nilishona kifungo kile nikajichoma mara mbili.

Wenye wivu wenzangu, ulizeni. Ulizeni mara tatu kama mnavyouliza bei, mpaka muuzaji achoke. "Nitakuhadithia" si jibu, mkomalie mtu hapo hapo akuhadithie.

Kufuli bado limefungwa kule kwenye mchikichi, limeshika kipande cha pua ya mtumbwi. Ufunguo wake uko Mbeya kwenye kopo.

Sasa naomba ushauri. Nianze na mume wangu, ambaye sijui kama nitabaki naye? Nianze na mama, anayeniombea kila asubuhi? Au nishuke Kyela peke yangu, niingie dukani wateja wakiwa wamejaa, niutundike mahali pake wote wakiona? Nauli ninayo, nimeihesabu, mara mbili. Ninachokosa ni neno la kwanza la kumwambia yule aliyeniita wifi. Mwenye nalo anipe.