Kizibo Kwenye Sakafu Nyeupe

Mwezi uliopita nilikuwa sebuleni kwangu Songea, nimeifungua redio ya jirani mezani niitengeneze, kikombe cha chai pembeni, binti yangu alipopiga kelele ghafla: "Usinipe mimi! Piga mwenyewe! Piga!" Alikuwa peke yake kwenye kochi, simu mikononi, visikilizio masikioni. Hao aliokuwa akiwafokea, kama alivyonieleza baadaye, mmoja alikuwa Mwanza, mwingine Arusha, na wa tatu hajui anaishi wapi, ila anajua kuwa ni kipa mzuri. Nilisogea nikachungulia. Sakafu nyeupe, watu wa mavazi manene wanateleza, fimbo ndefu zilizopinda, na kitu kidogo cheusi kinachokimbia kuliko wote. Nikauliza ni mchezo gani.

"Hoki ya barafu, baba. Subiri kwanza, tunafungwa."

Nikasubiri, tena kwa utulivu wa mtu anayekijua anachokitazama. Labda unajiuliza mtu aliyekulia Mbinga angeijulia wapi hoki ya barafu. Niliicheza. Niliicheza katika timu ya watu wanne, na kwa msimu mmoja wa kahawa hapakuwa na timu bora kuliko yetu kutoka Mpepai mpaka ziwani. Sisemi kwa majigambo. Mashine ilikuwa moja tu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima yetu na malori yao, na nyuma ya malori vikaja vitu: mitumba, chupa za chai zenye maua, saa za plastiki, redio zenye taa mbili nyekundu. Nyuma ya soko, jirani yetu mmoja alijenga banda la video kwa mabanzi na bati, akaziba nyufa kwa magunia ili mwanga usiingie. Siku moja akarudi kutoka safari ya Dar es Salaam na boksi lililofungwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu, kaseti moja, padi nne za kuchezea, na kisanduku kidogo cha kuziunganisha zote nne kwa pamoja. Alikuwa amechagua kaseti kwa picha ya juu yake, bila kujua ni ya mchezo gani.

Mwenye banda hakutudai chochote ila maji. Mke wake alikuwa na mgahawa mdogo mbele ya banda, na kila asubuhi ya likizo sisi wanne tulimjazia pipa kutoka bondeni, ndoo mbili mbili kila mmoja, tukipanda huku maji ya baridi ya Juni yakitudondokea shingoni. Anayetujua Wamatengo na milima yetu anajua baridi hiyo. Ukifika juu vidole havikunjiki, na harufu ya kwanza inayokupokea ni ya maandazi. Saa nane mchana jenereta iliwashwa, na ilizimwa jua likianza kuzama. Basi siku yetu ilikuwa na saa nne, na zilizobaki zote zilikuwa za kuzisubiri hizo nne.

Tulikuwa hivi. Wa kwanza kaka yangu, mkubwa wetu, aliyekuwa darasa la sita. Kisha mimi. Kisha binamu yetu, mtoto wa baba mdogo wa pili, mdogo kuliko wote na mwenye maneno kuliko wote. Golini alikaa binti wa jirani mwingine, ambaye alishika padi mara ya kwanza kwa sababu tu hatukuwa na mtu wa nne, na baada ya siku mbili hakuna aliyethubutu kumwondoa. Mchezo ulikuwa wa wanne kwa wanne: watatu mbele na kipa. Sisi tulikuwa wa bluu. Wekundu waliendeshwa na mashine, na walikuwa hawajawahi kufungwa.

Kile cheusi tulikiita kizibo, kwa kuwa kilifanana na kizibo cha soda. Sakafu nyeupe ilitusumbua zaidi. Mwalimu wetu wa jiografia alisema ni maji yaliyoganda, na kwamba huko nchi za baridi watu hutembea juu yake. Tulipompelekea bibi habari hiyo, aliendelea kuchambua maharage yake. "Petro mwenyewe alijaribu akazama," alisema, "sembuse hao."

Sisi tulikuwa na maelezo yetu. Nyumbani tulimenya kahawa kwa mashine ya mkono, na punje zilizotoka zikiwa na ute zililazwa kwenye tangi la saruji mpaka zichachuke. Siku ya kuziosha, watoto tuliingia tangini kuzikanyaga. Ule ute unateleza kuliko sabuni. Unaanzia ukutani, unajisukuma, na unajikuta upande wa pili umekaa chini, kahawa imekuingia kila mahali, na bibi anauliza nani kamwaga punje. Kwa hiyo tulikubaliana kuwa wale watu wa kwenye kioo wanacheza juu ya ute wa kahawa. Na nakuambia, ufahamu huo ulitusaidia. Watoto wengine walibonyeza padi kama watu wanaokimbia. Sisi tulijua kuwa kwenye utelezi hugeuki ghafla. Unaanza kugeuka kabla ya kufika.

Likizo hiyo ya Juni ilikuwa na uzito wake. Baba mdogo wa Songea alikwisha kuja, akakaa na baba siku nzima, na neno likatoka: kahawa ikiisha, kaka atahamia kwake akasome huko. Hakuna aliyetuuliza, wala hatukutarajia kuulizwa. Tulichohesabu ni alasiri zilizobaki.

Ndipo wakaja watoto wa Lituhi. Walikuwa ndugu wanne waliopanda kutoka ziwani kumtembelea shangazi yao aliyeuza usipa, dagaa wa ziwani, sokoni, wakakaa kwake likizo nzima. Siku ya pili waligundua banda. Siku ya tatu tulikuwa tunagombana mlangoni.

"Nyie watu wa milimani," alisema mkubwa wao, mvulana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, "mkiteleza mnashika nini, migomba?"

"Na nyie mlipotoka majini," binamu akamjibu, "magamba mmemwachia nani?"

Walicheka wao kwanza, na hapo nikajua kuwa tuna kazi. Mwenye banda alivumilia kelele zetu kwa siku mbili. Ya tatu alisimama mbele ya televisheni, akaikinga kwa mgongo.

"Sikilizeni. Mmenichosha. Kesho kila timu itacheza na wekundu mara moja. Itakayopata matokeo bora itashika padi likizo yote. Nyingine itatazama na kufunga mdomo. Mmesikia?"

"Tumesikia, anko."

 Usiku ule, kabla ya kulala, kaka aliniambia tu, "Tukishindwa, basi imeisha." Nilielewa. Wao wangekuwepo mpaka shule zifunguliwe, na shule zikifunguliwa kungekuwa na mavuno, na mavuno yakiisha yeye hayupo.

Kesho yake banda lilijaa hadi mlangoni. Watoto wa Lituhi walicheza kwanza. Sijui kama waliwahi kuelewana kwa maneno, lakini walicheza kama watu wanaovuta kokoro ufukweni: aliye karibu na kamba ndiye anayevuta, na anayeona samaki ndiye anayepiga kelele. Walitoka sare, mbili kwa mbili. Hakuna aliyewahi kutoka sare na wekundu. Banda lilipiga makofi, na mimi nilipiga pia, kwa sababu ilistahili.

Tukakaa. Sisi tulihitaji kushinda.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa tulivyoharibu. Wazee wa zamani walikuwa na sengu, mahali pa ukoo pa kulia pamoja na kusemezana. Wakati wetu ilikuwa imebaki jina tu, lakini babu hakukubali wajukuu wake wa kiume wale mmoja mmoja. Tulikula sahani moja. Ugali kila mtu alimega upande wake, lakini nyama aliigawa mkubwa, na mdogo hakuigusa mpaka apewe. "Mkono mdogo haujui njia ya nyama," babu alikuwa akisema, na aliyejaribu kuitafuta njia hiyo alirudi na alama ya kijiti mkononi.

Basi sisi watatu wa sahani moja tulicheza hoki jinsi tulivyokula. Nikikipata kizibo, nampa kaka. Binamu akikipata, hata akiwa mbele ya goli tupu, anageuka kumtafuta kaka. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Hatukujua kama tunafanya hivyo. Na kaka alikuwa hodari kweli, kwa hiyo dhidi ya wekundu tulikuwa tukifungwa kwa heshima, tatu kwa mbili, mbili kwa moja, tukadhani tatizo ni bahati.

Watoto wa Lituhi, waliokaa benchi la nyuma, waliona kwa dakika chache.

"Loo! Bwana harusi kaja na wapambe!" yule mrefu akasema, na banda zima likaangua kicheko.

Mpaka mwisho wa kipindi cha pili tulikuwa nyuma, mbili kwa moja. Vipindi ni vitatu. Kipa wetu aliweka padi mapajani akatugeukia. Yeye hakuwa wa sahani yetu. Kwao walikula jikoni, wanawake na watoto, kwa kunyang'anyana na kucheka.

"Kwani mnampelekea posa?" alisema. "Kila kizibo kwake! Wale wekundu wanamngoja palepale."

"Yeye ndiye mkubwa," binamu akajibu.

"Mkubwa wa nini hapa? Mimi huku golini nimebaki na watatu, na nyinyi huko mnaheshimiana!"

Nilimtazama kaka. Aliikazia macho padi yake, kidole gumba kinasugua kitufe. Nadhani alijua kuwa msichana anasema kweli. Nadhani pia alitaka goli la ushindi liwe lake, aondoke nalo kwenda Songea. "Chezeni kama mlivyozoea," alisema kwa sauti ya chini.

Kipindi cha tatu kilianza. Tuliminyana benchi moja, bega kwa bega, kiasi kwamba nilihisi msuli wa mkono wa kaka unavyokaza kabla hajasogea kwenye kioo. Kipa aliokoa mara mbili, ya pili akipiga yowe. Kizibo kikaniangukia upande wa kulia. Mbele yangu palikuwa peupe. Wekundu wawili walikuwa wameshamwendea kaka, kama kipa alivyosema.

"Lete!" kaka akasema, kiwiko chake kikinigusa ubavuni. "Lete hapa!"

Sikuleta. Nilipiga.

Kelele ya banda niliisikia baadaye, kama kitu kilichotokea nyumba ya pili. Nilichohisi kwanza ni kiwiko cha kaka kikiondoka ubavuni mwangu.  Mbili kwa mbili. Sare haikututosha, na sasa nilikuwa na hofu mbili: ya kushindwa, na ya kushinda kwa namna hii.

Dakika ya mwisho kizibo kilikuwa kwake. Wekundu wote watatu walimfunika. Kwa namna tulivyozoea angejaribu kuwapenya, na mara nyingine angeweza. Nilihisi msuli wake umekaza, kisha ukalegea. Kizibo kikateleza katikati ya miguu yao mpaka kwa binamu, aliyekuwa peke yake mbele ya goli, ameduwaa kama mtu aliyepewa paja zima la kuku.

"Piga, mjinga wewe!" kaka akafoka.

Binamu akapiga. Tatu kwa mbili.

Yule mrefu wa Lituhi alikuja akatushika mkono mmoja mmoja, akaanza na kipa. Njiani kurudi nyumbani, kaka alitembea mbele mpaka tulipovuka kijito.

"Ungenipa, ningefunga," alisema.

"Najua."

"Muongo. Wangenizonga." Kisha akacheka, nami nikacheka naye.

Jioni ile tulikula kama siku zote. Yeye aligawa nyama, sisi tulingoja. Lakini kwenye sakafu nyeupe hakuna tena aliyemngoja mwenzake, na alasiri zilizobaki, zote tulizozipigania, tulizicheza hivyo. Watoto wa Lituhi walitazama, hawakufunga mdomo hata kidogo, na kufikia wiki ya mwisho mwenye banda alikuwa anawaachia padi saa moja kwa huruma. Hatukupinga.

Leo palipokuwa na banda pana duka la dawa za mifugo. Babu na bibi wamelala mlimani. Kahawa sasa wengi huipeleka ikamenywe kwenye mashine kubwa, na watoto wa siku hizi sidhani kama wanaujua ule ute kwa nyayo zao. Binamu ana familia Mbamba Bay. Kipa alikuja kuwa muuguzi, na nimesikia kwamba bado anafoka. Binti yangu ana wenzake watatu anaowapenda, na nimemsikiliza vya kutosha kujua kuwa anacheza vizuri kuliko tulivyocheza sisi. Tofauti ninayoiona ni moja: hajawahi kuhisi bega la mwenzake.

Kaka aliondoka mwezi wa nane, juu ya lori la kahawa, sanduku lake la bati katikati ya magunia. Kesho yake, Jumamosi, tulibeba maji, watatu, tukaingia bandani saa nane. Padi yake tuliiacha ikining'inia kwenye msumari. Mashine ile, padi isiposhikwa, ilimwendesha mchezaji yenyewe, na ilimwendesha vizuri. Kwa kweli alicheza vizuri kuliko kaka. Alikuwa akisimama mahali sahihi, wazi kabisa, fimbo chini, anangoja. Tulifungwa nne kwa sifuri alasiri ile, na hatukumpasia kizibo hata mara moja.