Afisa Aliyekuja na Fomu ya Vitabu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Ijumaa, gari la afisa wa elimu liliingia katika shule moja nje ya Kibwezi. Sisi walimu wakuu watano tulitazamana. Hatukuwa tumemwalika. Kila mwezi tunakutana katika shule ya mmoja wetu kujifunza kutokana na tatizo la mwenyeji, na sharti letu la kwanza ni kwamba wakubwa hawaji, ili mtu aseme ukweli bila woga.

Mwenyeji alikuwa na muhula mmoja tu katika ualimu mkuu. Gredi ya Tatu yake ilishindwa kusoma, na wazazi walikuwa wameuza mavuno yao ya ndengu wakachanga pesa za vitabu vipya. Muuzaji wa vitabu hivyo alikuwa amependekezwa na afisa huyohuyo.

"Endeleeni, mimi ni mgeni tu," alisema, akavuta kiti. Mkononi alikuwa na fomu ya kuagizia vitabu, tayari imejazwa.

Uongozi nimeujua kwa kujisomea, na somo moja nililolishika ni kuuliza nani anafaidika.

Tulifuata utaratibu wetu. Mwenyeji hachagui watoto, kwa hiyo nilichukua rejista nikaita kila jina la kumi, watoto wanane. Ukurasa wa hadithi ya Kiingereza uliwakwamisha wote. Nikawapa hadithi ileile kwa Kikamba, niliyoinakili nyumbani. Sita waliisoma bila kusita, na mmoja akacheka pale penye kuchekesha.

"Kumbe kusoma wanajua!" mwenyeji akasema. "Kinachowashinda ni Kiingereza."

"Ndiyo maana wanahitaji vitabu," afisa akadakia.

"Bosi, kiziwi hanunuliwi miwani," mkongwe wetu akamjibu. Tulicheka. Afisa hakucheka.

Akaiweka fomu mbele ya mwenyeji. "Madam, weka sahihi, nisirudi tena."

Ripoti ya kazi ya mwenyeji hupitia ofisi ya huyo bwana. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa kikundi chetu hakimwamulii mtu. Aliikunja fomu mara mbili, akairudisha.

"Tutaanza na mazungumzo ya Kiingereza, nusu saa kila asubuhi. Hayo hayanunuliwi."

Afisa aliondoka kabla ya chai. Sina ushahidi kwamba alikuwa na faida yake katika vitabu hivyo. Nina mfuatano wa mambo tu, na bado unanitia shaka.

Jumatatu wazazi walirudishiwa pesa zao: watoto themanini na wanne wa Gredi ya Tatu, shilingi mia tatu na hamsini kila mmoja. Jumla, shilingi 29,400.