Mzee wa Kitabu Katika Gemu ya Kijapani

Ijumaa iliyopita, tumeshakula na sahani zimo kwenye sinki, binti yangu aliniita sebuleni hapa kwetu Mabela, Maskati. "Mama, njoo uone. Ile gemu yako ya zamani wameitengeneza upya." Nikaenda nikijifuta mikono, na muziki ukanipokea mlangoni kabla sijaona picha. Nikaketi kwenye zulia, mimi mtu mzima mwenye ofisi na watu ninaowasimamia, nikacheka peke yangu. Kaa nami kidogo, rafiki yangu, maana hii ni habari ya ushindi na leo sioni haya kujisifu.

Nilikuwa na miaka kumi tulipohama Zanzibar kuja Maskati. Tulipanga fleti ya chini katika jengo moja la Al Khuwair, baba, mama, bibi mzaa mama na mimi. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha msahafu: kusoma najua, kuzungumza ndiyo shughuli. Siku ya kwanza skuli nilimsemesha mwalimu wa kike kwa maneno ambayo Kiarabu humwambia mwanamume, darasa zima likaangua kicheko, na wiki haikwisha jengo zima likawa na habari. Msichana mrefu wa ghorofa ya tatu, aliyenizidi mwaka mmoja, akawa ananiigiza kwenye ngazi. Aliigiza vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha mjomba, aliyekuwa baharia wa meli za mafuta, akaniletea mashine ya gemu kutoka Japani kwenyewe, pamoja na diski moja. Ilikuwa likizo ya joto, lile joto la Maskati ambalo hata paka hatoki nje. Mara watoto wa jengo wakaujua mlango wetu. Walikuja kila siku baada ya alasiri, wakavua viatu, wakamwamkia bibi, wakajipanga mbele ya TV. Walikuja kwa mashine, si kwangu. Pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ilishikwa na yule msichana mrefu, wenziwe wamemzunguka, na mimi napitisha sahani ya kaimati na gilasi za juisi ya ndimu. Nyumbani kwetu wenyewe nilikuwa mgeni.

Haikuwa gemu ya kukimbia na kufyatua risasi. Ilikuwa safari: vijana wanne wanatoka kijijini kwao kwenda kuliondoa jini lililokausha mito, na njiani wanazungumza na watu, wananunua dawa, wanalala nyumba za wageni. Wakikutana na adui wanapigana kwa zamu, huyu anapiga, yule anangoja. Bibi alilipenda hilo. Alikaa chini ya AC yetu iliyokuwa ikinguruma kutwa, anachambua mchele kwenye ungo, jicho moja kwenye TV. "Hawa wana adabu," alisema. "Hawarukiani."

Shida ilikuwa maandishi. Yote ya Kijapani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua herufi. Kila nyumba ya wageni ilikuwa na mzee mwenye kitabu. Ukimwendea anakuuliza kama akuandikie safari yako isipotee, na maneno mawili yanatokea ubavu kwa ubavu, ndiyo na hapana. Sasa mjomba alishatwambia kuwa vitabu vya Kijapani hufunguliwa upande ule ule wa msahafu. Sisi watoto wa chuoni tukaona jambo jepesi: neno la kwanza ni la kulia, na la kwanza lazima liwe ndiyo. Tukabonyeza la kulia. Safari haikuandikwa. Tukasema mashine mbovu. Na bibi naye, adhana ya magharibi ikisikika tu, anazima kila kitu: "Nayo ipumzike, ina roho." Basi kila siku tulianzia kijijini upya, tukafika mlima wa kwanza, tukazimiwa. Wiki tatu nzima! Mlima ule naujua kuliko milima yote ya Maskati.

Siku moja bibi akaweka ungo chini.

"Nyie watoto, mna nini na yule mzee? Kila siku anakuulizeni jambo lake, mnamjibu, anainamisha kichwa. Mtu hainamishi kichwa kwa kukubaliwa. Nnakwambieni, mnamnyima."

Wenzangu hawakuelewa, kwani alisema kwa Kiswahili. Mimi nilielewa. Nikamwambia msichana mrefu, kwa Kiarabu changu chenye makosa yote, anipe pedi.

"Hutaweza," akasema.

"Hapa kwetu. Nipe."

Nikabonyeza la kushoto. Mzee akainua kichwa, akacheka, akaandika kitabuni. Hakuna aliyeamini. Wakasema ni bahati, wakasema labda ndiyo tumeharibu kabisa. Basi nikainuka, magharibi bado iko mbali, nikaizima mashine kwa mkono wangu. Zile kelele! Mmoja alitaka kulia. Nilijua kuwa nikikosea hawatarudi tena, hata kwa mashine. Nikaiwasha. Na tulikuwepo, ndani ya nyumba ile ile ya wageni, na dawa zetu zote na panga zetu zote.

Tangu hapo pedi ilipita kwangu. Nilifungua daftari, nikachora kila alama niliyoiona kwenye gemu na pembeni nikaandika maana yake baada ya kuijaribu: dawa, kinga, moto, toroka. Niliandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichokiweza, na daftari lilikuwa langu. Anayetaka kucheza ilimbidi ajifunze. Haikupita muda ngazi za jengo letu zilijaa watoto wa Kiarabu wanaopigiana kelele, "Mpe dawa! Dawa, si moto!"

Tulilifikia jini siku mbili kabla ya skuli kufunguliwa. Vijana watatu walishaanguka, amebaki mmoja, uhai wake wa kuhesabu. Msichana mrefu ndiye aliyekuwa na pedi. Akanigeukia. "Shika wewe," akasema, kwa Kiswahili. Nikachagua kinga, nikangoja zamu, nikachagua kinga tena huku wote wananizomea, kisha nikapiga. Jini likaanguka. Bibi alipiga vigelegele hadi mchele ukamwagika, na majirani wa juu wakateremka wakidhani kuna posa. Mama hakuwakatisha tamaa, akawatolea halwa na kahawa.

Gemu ile ikawa ukoo mzima. Sehemu ya pili ilinikuta sekondari, imeshatafsiriwa Kiingereza. Ya tatu na ya nne zilinikuta chuo kikuu. Nilipoajiriwa wizarani zilishapita vidole vya mkono. Ikazaa na michezo ya pembeni: wa karata, wa kulima bustani, wa kwenye simu, na mmoja wa mbio za magari, eti. Bibi aliita hiyo watoto wa kambo. "Mtu wa kuokoa dunia leo anafukuzana na gari?" Lakini miaka ambayo sehemu kubwa ilichelewa, hao wa kambo ndio waliolisha ukoo huo, nami nilicheza wote.

Hii mpya ina maandishi ya Kiarabu na inajihifadhi yenyewe. Binti yangu aliuvuka mlima chai yangu haijapoa. Kisha akavaa visikilizio, akacheza peke yake, na hakuna mtoto wa jirani aliyevua viatu mlangoni kwetu. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Jengo limebomolewa, daftari lilipotea tulipohama. Nasikitika, siwezi kuficha.

Lakini mwaka ule, siku skuli zilipofunguliwa, msichana mrefu alinisubiri mlangoni kwetu na mkoba wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndani ya basi nilisema neno, na mvulana wa jengo jingine akaanza kuniigiza. Msichana mrefu akageuka kwenye kiti chake.

"Mwache," akamwambia. "Huyu wa kwetu."

Nikakaa dirishani, kifua mbele, nikaendelea kusema Kiarabu changu kibovu kwa sauti kubwa mpaka skuli.