Mbaazi za Ndege ya Frankfurt

Mama mpishi wa hoteli ya Diani hakupima safari za ndege kwa saa. Atieno wa mapokezi akimwambia wageni wamepaa Frankfurt, yeye huloweka mbaazi. Wakitua Mombasa, huzibandika motoni, na hadi wavuke feri pale Likoni, zimeiva na tui limekolea. Huonja kiganjani, macho kayafumba, wala hakosei.

Ijumaa moja Atieno alimkuta keshabandika, anachochea na kuimba.

"Mama, ndege haijaondoka bado."

"Najua, mwanangu. Lakini leo yumo binti yangu."

Asubuhi mbaazi zilikuwa zimerojeka kama uji. Binti alizila kwa upawa, papo hapo chunguni, amesimama, mkoba ungali begani, na mamake hakukumbuka hata kuonja.